Jipu seli nyeupe 17,000, mafua 3,200: nani huzipa amri?

Swali la msomaji: "Daktari, ndani ya miezi michache nimepimwa damu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na jipu pajani, nikaambiwa seli nyeupe ni 17,000. Mara ya pili nilishikwa na mafua makali, mwili mzima ukauma hata kunyanyuka kitandani nikashindwa, lakini seli nyeupe zikawa 3,200 tu. Mimi nilijua ugonjwa ukizidi, seli zinaongezeka. Je, kinga yangu imeshuka? Na hizi saitokini ninazozisikia ni kitu gani? Nitumie dawa ya kuongeza kinga?"

Jibu:

Kwa ulivyonieleza, sioni dalili kwamba kinga yako imeshuka. Majibu yako mawili hayapingani hata kidogo. Mara zote mbili seli zako zilitii amri, ila amri zenyewe zilikuwa tofauti.

Ngoja nianze na namba, maana ndiyo iliyokutia hofu. Maabara huhesabu seli nyeupe zilizomo katika mikrolita moja ya damu, tone dogo linaloweza kukaa juu ya kichwa cha pini. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Lakini damu si makazi ya seli hizi, ni barabara yao. Nyingi zaidi zimo ndani ya uboho wa mifupa, kwenye wengu, kwenye tezi za limfu, ngozini, mapafuni na katika kuta za utumbo. Kipimo chako kilihesabu zile zilizokuwa njiani dakika ile sindano ilipoingia mkononi. Ukisimama kando ya barabara usiku wa manane usione mtu, huwezi kusema mji hauna watu. Huenda wamelala, huenda wamekusanyika mahali fulani.

Sasa, anayeamua nani atoke, nani abaki na nani aende wapi ndiye saitokini. Ni protini ndogo ambazo seli moja hutoa na seli nyingine hupokea. Seli inayopokea lazima iwe na kipokezi kinacholingana na protini hiyo, kama kufuli na ufunguo wake. Isipokuwa nacho, ujumbe unaipita tu. Ikiwa nacho, mlolongo wa mabadiliko huanza ndani ya seli hadi kwenye kiini, jeni fulani zinawashwa, nyingine zinazimwa, na seli inabadili tabia: inahama, inazaliana, inatengeneza sumu ya kuulia vimelea, au inajiua. Nyingi ya jumbe hizi hazikai. TNF, mojawapo ya zile kali zaidi, ikiingia kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache. Ziliumbwa zisemwe kwa jirani, si kutangazwa mji mzima. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Majina yake yanachosha, na sehemu ya lawama ni ya wataalamu wenyewe. Jina intaleukini, linalotumika kwa saitokini nyingi, lilipitishwa mwaka 1979 katika mkutano uliofanyika Ermatingen, Uswisi, nalo lina maana ya kitu kinachopita kati ya seli nyeupe. Baadaye ikaonekana kwamba seli za ngozi, za kuta za mishipa na hata za mafuta nazo huzitoa, na kwamba ini na ubongo huzisikiliza. Jina likabaki, na namba zikaongezwa mbele yake tu: ya 1, ya 2, ya 6, mpaka zimepita 30.

Turudi kwenye paja lako. Bakteria waliingia, pengine kwenye shina la unywele. Chini ya ngozi kuna seli nyeupe ambazo hazizunguki kwenye damu, huishi hapohapo muda wote: makrofaji. Makrofaji haihitaji kumjua bakteria kwa jina. Inagusa vipande vya ukuta wake, vitu ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi, kwa vipokezi viitwavyo Toll. Vipokezi vya aina hii ndivyo vilivyowapa Jules Hoffmann na Bruce Beutler sehemu yao ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011, na katika kazi ya Beutler kuna panya ambao sichoki kuwasimulia. Panya hao walizaliwa na kasoro: kipokezi chao cha kuhisi sumu ya ukuta wa bakteria fulani hakifanyi kazi. Ukiwadunga sumu hiyo tupu, kiasi cha kuua panya wa kawaida, wao wanaendelea kula. Ukiwapa bakteria hai wenye ukuta huohuo, wanakufa upesi kuliko wenzao. Tafakari hapo. Sumu haikuwa inaua kwa nguvu zake. Kilichoua ni kelele ambazo mwili ulipiga baada ya kuihisi. Lakini mwili usiopiga kelele hizo hauna ulinzi pale adui halisi anapoingia.

Basi makrofaji ya pajani mwako ilitoa TNF na intaleukini ya 1. Jumbe hizo zilifika kwenye mshipa mdogo wa damu uliokuwa karibu, na hapo ndipo penye utamu wa hadithi nzima. Nilipokuwa mwanafunzi niliona chini ya hadubini mshipa wa namna hiyo ukiwa hai, na sijasahau. Damu inapita kwa kasi, huwezi kuona seli moja moja. Kisha ukuta unapopata ujumbe, hutoa ndoano ndogo upande wa ndani. Seli nyeupe aina ya nyutrofili, iliyokuwa inapita kwa mbio, inanaswa kidogo, inaachia, inanaswa tena. Inaanza kubingirika taratibu ukutani kama mpira kwenye majani marefu. Ukutani humo kumebandikwa ujumbe mwingine, intaleukini ya 8, ambayo ni ya kundi la kemokini, yaani saitokini za kuelekeza njia. Nyutrofili ikiigusa, protini za juu ya ngozi yake hubadili umbo na kushika kwa nguvu. Inasimama kabisa, damu ikiendelea kuipita. Kisha inajibana, inakuwa nyembamba, inapenya katikati ya seli mbili za ukuta na kutokea upande wa pili. Huko hufuata harufu, kwa kusema hivyo: hutambaa kuelekea kule ambako kemokini inazidi kuwa nyingi, mpaka ifike kwa bakteria na kuanza kuwameza.

Wekundu, joto, uvimbe na maumivu uliyoyasikia vilitokana na mishipa hiyo kutanuka na kuvujisha maji. Usaha uliotoka ni nyutrofili zilizokufa kazini kwa mamilioni, pamoja na mabaki ya bakteria na nyama.

Wapo watoto, wachache sana duniani, wanaozaliwa bila zile protini za kushikia ukuta. Seli nyeupe katika damu yao huwa nyingi kupita kiasi, lakini kidonda chao hakitoi usaha, na kitovu chao huchelewa kudondoka baada ya kuzaliwa. Majibu yao ya maabara ni makubwa kuliko yako ya jipu, na bado bakteria wa kawaida wanaweza kuwaua, kwa sababu seli zimejaa barabarani na hakuna inayoweza kushuka kituoni.

Ile 17,000 sasa. Uboho wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili karibu bilioni 100 kila siku, hata asipoumwa. Jipu likianza, saitokini nyingine iitwayo G-CSF hufika kwenye uboho na kuuambia mambo mawili: achilia akiba, na ongeza uzalishaji. Amri ikiwa ya haraka, hata nyutrofili changa ambazo hazijakomaa husukumwa nje, na mtu wa maabara huziona kwenye kioo. Ushahidi kwamba ujumbe huu pekee unatosha upo wazi. Mtu mwenye afya anayejitolea seli za uboho kwa mgonjwa wa saratani ya damu hudungwa G-CSF kwa siku nne au tano mfululizo. Hana jipu, hana bakteria, hana chochote. Seli zake nyeupe hupanda kupita 30,000 na mifupa humuuma. Amri imetolewa, uboho umetii.

Mafua ni habari nyingine. Kirusi huingia ndani ya seli zako mwenyewe na kuzifanya kiwanda chake, kwa hiyo kupeleka kundi la nyutrofili kumeza vitu vya nje hakusaidii sana. Mwaka 1957, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua utando wa yai la kuku, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakachukua maji yake na kuyahamishia kwenye utando mwingine. Utando wa pili ukakataa kuambukizwa. Kuna kitu seli za kwanza zilikuwa zimetoa kuwaonya wenzao. Wakakiita intaferoni, kwa sababu kinaingilia kazi ya kirusi.

Intaferoni hufanya mengi kwa mpigo. Seli jirani zinazoipokea hupunguza utengenezaji wa protini, hukata ujumbe wa kijeni wa kirusi, na huonyesha juu ya ngozi yake vipande vya kilichomo ndani ili zikaguliwe. Seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa huchochewa. Na limfosaiti, zile seli nyeupe zenye kumbukumbu, hukatazwa kutoka kwenye tezi za limfu: intaferoni huzifanya zipoteze kwa muda kipokezi zinachotumia kutafuta mlango wa kutokea. Zinaingia, hazitoki. Lengo ni kwamba zikae hapo zikaguliwe, ili ile moja katika maelfu inayomfaa kirusi huyu ipatikane na kuanza kuzaliana. Ndiyo maana huenda mitoki ya shingoni ilikuvimba (sijui kama uliigusa), na ndiyo maana damu yako ilionekana kama imepwaya. Hazikupotea. Zilikuwa kikaoni.

Na hapa napo tuna ushahidi wa sindano. Kabla ya vidonge vya sasa vya homa ya ini aina ya C, wagonjwa walidungwa intaferoni kwa miezi. Saa chache baada ya sindano walipata homa, kutetemeka, maumivu ya misuli, uchovu wa kushindwa kunyanyuka kitandani. Mafua kamili, bila kirusi cha mafua. Na daktari alilazimika kuwapima damu mara kwa mara, kwa kuwa seli nyeupe zao zilishuka. Ile picha yako ya pili, mwili unauma na namba iko chini, inaweza kutengenezwa kwa chupa moja ya ujumbe.

Homa nitaipita haraka. Intaleukini ya 1, ya 6 na TNF zikifika ubongoni husababisha kutengenezwa kwa kemikali iitwayo prostaglandini, nayo hupandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakitaka. Dawa za kushusha homa huzuia prostaglandini. Ujumbe wenyewe unaendelea kama kawaida. Intaleukini ya 6 pia huliamuru ini litengeneze protini ya CRP, ambayo huanza kupanda saa sita hivi baada ya tatizo kuanza. Wakikupima CRP, kwa kweli wanasoma mwangwi wa intaleukini.

Kitu ninachotaka ukione zaidi ni kwamba ujumbe hauhesabu tu seli, huchagua ni vita ya namna gani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ukoma. Bakteria ni yuleyule mmoja. Hupenda kuishi ndani ya makrofaji, seli ileile ambayo kazi yake ni kumla. Makrofaji ikishammeza hukaa naye kama mgeni, mpaka limfosaiti ije iipe intaferoni ya gama, aina nyingine ya intaferoni. Hapo ndipo inapowasha sumu zake na kumuua. Kwa mgonjwa mmoja, mwanzoni mwa maambukizo hutoka intaleukini ya 12, inayozifundisha limfosaiti kutoa intaferoni ya gama. Huyo hupata mabaka machache yasiyo na hisia, na ukikwangua ngozi yake ni shida kumpata bakteria hata mmoja. Kwa mgonjwa mwingine ujumbe unaotawala ni intaleukini ya 4 na ya 10. Jumbe hizo za 4 na wenzake zinafaa sana dhidi ya minyoo: huita seli za eosinofili na huongeza kingamwili (protini za kunasa vimelea) za aina maalumu. Lakini kwa makrofaji iliyokaliwa na bakteria, ni kama kuiambia ilale. Mgonjwa huyo ana kingamwili tele, seli nyeupe hazina upungufu, na ngozi yake imejaa bakteria kwa mabilioni. Kinga yake haikuwa dhaifu. Ilipewa maelekezo ya vita nyingine.

Kifua kikuu kina somo lake. Makrofaji huwazungushia bakteria ngome ya seli, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila kuugua. TNF ndiyo inayoishikilia ngome. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipoanza kutumika dawa za kuzuia TNF kwa wagonjwa wa baridi yabisi, zilituliza viungo vizuri sana. Kufikia mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba baadhi ya wagonjwa hao kifua kikuu kilichokuwa kimelala kiliamka. Tangu hapo hupimwi viungo tu kabla ya dawa hizo, unapimwa na kifua kikuu. Ujumbe uleule uliokuwa unawaharibu vifundo ulikuwa unawalinda mapafu.

Sasa dawa ya kuongeza kinga. Nikikuuliza unataka kuongeza ipi, utanijibu nini? Intaleukini ya 12 au ya 10? Ya 10 ni breki, na watoto wanaozaliwa bila kipokezi chake hupata vidonda vikali vya utumbo tangu uchanga, kwa sababu seli zao zinapigana na bakteria wa kawaida wa tumboni bila kukoma. Kinga haina kibuyu kimoja cha kujaza.

Na ikitokea mtu akaongeza kweli, tumeshaona inavyokuwa. Mwezi Machi 2006, hapo London, vijana sita wenye afya walijitolea kujaribu dawa iliyoitwa TGN1412, iliyotengenezwa kuchochea limfosaiti. Walipewa sehemu moja ya 500 ya kipimo kilichoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa moja na nusu kichwa kiliwauma, homa ikapanda, presha ikashuka. Figo na mapafu yakafuata. TNF ilitangulia, nyingine zikamiminika nyuma yake. Wote sita waliokolewa wakiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini tazama namba zao: limfosaiti katika damu zilikaribia kutoweka kabisa. Kinga ikiwa imechochewa kuliko wakati wowote wa maisha yao, kipimo kilionyesha karibu sifuri. Ujumbe ambao ukisemwa ndani ya jipu la ukubwa wa punje ya mahindi unakuponya, ukisemwa mwili mzima unavujisha mishipa yote kwa pamoja.

Hata muda una maana yake. Mwaka 2020, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba dexamethasone, dawa rahisi inayonyamazisha jumbe hizi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuleta faida. Mwanzoni bado unahitaji kelele. Mwishoni kelele ndiyo ugonjwa.

Kwa hiyo, chupa zilizoandikwa "huongeza kinga" ziache dukani. Kama una upungufu wa madini au vitamini uliothibitishwa, hilo linatibiwa lenyewe. Chanjo ndiyo pekee ninayoweza kukupendekezea kwa moyo mweupe, kwa sababu haipigi kelele kwa kila seli. Inazifundisha limfosaiti zinazohusika tu.

Kuhusu ile 3,200: rudia kipimo wiki tatu au nne baada ya kupona, na uombe wakuandikie hesabu ya kila aina ya seli, si jumla peke yake. Ninayemtazamia ni nyutrofili. Zikiwa zimerudi kupita 1,500 sina neno nawe. Zikibaki chini kwa miezi, au ukiwa unapata majipu, vidonda vya mdomoni au nimonia mara kwa mara, muone daktari wa magonjwa ya damu ukiwa na majibu yote mawili mkononi, pamoja na orodha ya dawa unazotumia. Na kama siku yoyote utaambiwa nyutrofili ziko chini ya 500 na una homa ya nyuzi 38 au zaidi, usisubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.